Vifungo vya Mgongoni

Kwa karibu miaka kumi baada ya vita, wanawake wa Loches hawakukata kitambaa cha msimu mpya kabla Léontine Barbotin hajarudi kutoka Paris. Mke wa mfamasia alikuwa na kitambaa chake kabatini, mke wa daktari wa mifugo alikuwa na chake, na hata masista wa shule ya wasichana, ambao vazi lao halijabadilika tangu enzi za wafalme, walituma mtu kuuliza, wakisema ni kwa ajili ya sare za wanafunzi. Wote walingoja. "Fundi hajarudi," walisema, na mkasi ukarudishwa kwenye droo.

Alikwenda mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Februari na mwanzoni mwa Agosti, siku nyumba kubwa za ushonaji zinapoonyesha mavazi. Alipanda treni ya alfajiri hadi Tours, akabadilisha, na kufikia saa tisa mchana alikuwa ameketi kwenye ukumbi wa nyumba ya Delcassan. Mwaliko ule alipewa na Zélie, mzaliwa wa ng'ambo ya mto wetu, ambaye kazi yake ilikuwa kuwavalisha wasichana wa maonyesho nyuma ya pazia. Kiti chake hakikuwa miongoni mwa vile vya dhahabu walivyokalia wanunuzi na mabibi wenye manyoya shingoni. Kilikuwa kigoda karibu na mlango, kando ya bomba la joto, kifupi kiasi kwamba magoti yake yalikaribia kidevu.

Lakini kigoda kile ndicho kilichomjengea jina. Waliokaa juu waliona gauni. Yeye aliyekaa chini aliona upindo wake. Msichana alipofika mwisho wa ukumbi na kugeuka, sketi ikipepea, Léontine aliona ndani, mahali ambapo mshonaji huficha nia yake.

Kiangazi cha kwanza alichokwenda, sketi zote zilikuwa za magotini, kwa sababu kitambaa bado kilitolewa kwa kuponi. Ila ndani, upindo ulikuwa wa vidole vinne. Léontine alirudi akawaambia wanawake wa Loches, "Pindeni vidole vinne." Walinung'unika. Kitambaa chenyewe cha kuponi, mtu akakifiche ndani? Lakini walipinda. Miezi sita baadaye sketi ziliteremka ghafla karibu na vifundo vya miguu, na mabibi wa Tours, pamoja na maringo yao yote, wakawa wanaungia vipande vya rangi nyingine chini kama wanaoziba paa. Wa kwetu walifumua mshono, wakapiga pasi, wakatoka. Tangu siku hiyo neno la Léontine likawa neno.

Katika kumbi zile penseli ni marufuku. Anayechora hutolewa nje mbele ya watu. Wako waliokiuka kwa ujanja, waliohesabu vifungo kwa kunong'ona, kisha wakakimbilia mkahawani kuchora gauni zima kabla halijawatoka kichwani. Léontine aliwadharau. "Huo ni wizi uliovaa glavu," alisema. Yeye hakuchukua gauni la mtu. Alichotaka ni kujua mambo yanaelekea wapi: urefu, mabega, kiuno, mahali jicho linapopelekwa. Na alikumbuka kwa utepe. Mfukoni mwa koti lake alikuwa na utepe mweusi wa pamba, na kila alipoona jambo jipya likijirudia, alifunga fundo kwa vidole viwili bila kutazama.

Jumapili iliyofuata, baada ya misa, wanawake walipanda ngazi kwenda karakana yake, juu ya duka la mtengeneza matandiko ya farasi. Honorine Gasnier, aliyefanya naye kazi miaka ishirini na kushona vitundu vingi vya vifungo kuliko mtu yeyote katika mkoa, alimimina kahawa na kukata pai ya matufaha. Léontine alisimama mbele ya dirisha, akatoa utepe, akaanza kufungua mafundo. Kila fundo lilikuwa habari moja. Padri alilalamika kwa utani kwamba mahubiri ya ghorofani yanawahiwa kuliko yake.

"Yangu yana pai, Padri," Léontine alimjibu.

Alikuwa na umri wa miaka hamsini na minane, hakuolewa, na hakuwa na sifa nyingine katika mji zaidi ya hiyo: kwamba akisema, ndivyo. Sifa kama hiyo ni mali, na kama mali nyingine zote humtia mwenyewe hofu ya kuipoteza.

Februari ya mwaka wa hamsini na tano, maonyesho yalikuwa makavu. Mavazi yalipita, mazuri, yaliyoshonwa kwa mikono isiyo na kosa, lakini yale yale ya mwaka uliotangulia. Walipofika namba ya ishirini na moja, utepe wa Léontine ulikuwa na mafundo mawili tu, na moja kati ya hayo lilikuwa habari ya rangi ya kijivu, ambayo hata muuza samaki angeweza kuitabiri. Akawaza ngazi zake, vikombe ishirini na vinne, na nyuso zilizoinuliwa. Akajiona amesimama dirishani na mafundo mawili.

Ndipo akatoka namba ishirini na mbili. Kijaketi kifupi cha kijivu, hakina kola, mbele tupu kabisa kama kifua cha njiwa. Msichana akapita, na mgongoni, kuanzia shingoni hadi kiunoni, vifungo vinane.

Léontine aliinama mbele kwenye kigoda chake. Na hapa inabidi niseme alichokiona, kwa maana ndicho kiini cha habari hii. Mkono wa jaketi haukatwi kama bomba. Hukatwa umepinda kidogo kuelekea mbele, kama mkono wa mtu unavyoning'inia. Mikono ya kijaketi kile ilipinda kuelekea nyuma. Kwenye kiwiko kitambaa kilivutika, na kwapani palikuwa na mkunjo ambao mwanagenzi wa mwezi wa tatu angepigwa vidole kwa sababu yake. Macho ya Léontine, yaliyoshona mikono ya majaketi kwa miaka arobaini, yaliona yote hayo katika muda wa msichana kupiga hatua sita. Yalimwambia. Yeye akayanyamazisha, akafunga fundo la tatu, kubwa.

"Vifungo vinahamia mgongoni," alitangaza Jumapili ile.

Pakawa na mnong'ono. Honorine, mwenye birika mkononi, aliuliza, "Vya jaketi?"

"Vya jaketi."

"Mbona kwenye majarida sioni?"

"Jarida huonyesha kilichokwisha kuwa, Honorine. Wewe unataka uambiwe jana au kesho?"

"Mimi nataka niambiwe nitashona vitundu upande gani."

"Mgongoni."

"Haya," Honorine alisema. "Na anayelala peke yake, atafungwa na paka?"

Walicheka, na kicheko kikalimaliza jambo. Kufikia Pasaka karakana ilikuwa imeshona vijaketi thelathini na kimoja. Léontine hakufanya kazi mbovu. Aliikata mikono upya ili ikae vizuri, akahamisha mshono wa bega, na kwa kweli vilipendeza. Mji ukazoea. Waume walijifunza kazi mpya asubuhi. Daktari wa mifugo alisema sokoni, "Nimezalisha ng'ombe wa wilaya nzima, lakini vifungo vya mke wangu vinanishinda." Mkewe akamjibu mbele ya watu, "Ng'ombe hawakuulizi kama umenawa."

Aliyewashangaza wote ni Armande Tessier. Alikuwa mjane, akiishi peke yake katika nyumba ya mtaa wa chini, ghorofa ya kwanza. Mlango uliotazamana na wake ulikuwa wa Germaine, dada wa marehemu mumewe. Mawifi hao hawakusemezana kwa miaka tisa. Siku ya tatu baada ya mazishi waligombania kabati la mwaloni, kila mmoja akisema marehemu alimwahidi yeye, na tangu hapo walipishana ngazini kama treni mbili, kila moja kwenye reli yake.

Armande alipokuja kupimwa, Honorine alimwuliza waziwazi, "Bi Armande, utajifungaje?"

"Nina mikono."

"Mikono yako iko mbele."

"Nishonee kama wenzangu. Sitaki kuvaa ujane hadi kwenye vifungo."

Wakamshonea. Jumapili ya kwanza alitoka mlangoni akiwa amefunga kifungo cha shingoni na cha kiunoni, na sita vya katikati vimeachama. Germaine naye alikuwa anafunga mlango wake. Mkaazi wa ghorofa ya juu, aliyesimulia mji mzima, alisema kwamba Germaine alitazama mgongo ule muda mrefu.

"Geuka," Germaine alisema.

"Nani?"

"Nani mwingine yupo hapa, wifi? Simama wima. Unaliaibisha jina la kaka yangu."

Akamfunga vyote sita, pasipo neno jingine. Jumapili iliyofuata Armande alitoka akiwa hajafunga hata kimoja. Alisimama ngazini akivaa glavu, polepole mno, hadi mlango wa pili ukafunguka. Kufikia Juni ilikuwa kila asubuhi, na Germaine hakuwa anafungia ngazini tena, bali ndani kwake, karibu na jiko, mbele ya kabati la mwaloni lenyewe.

Léontine aliyasikia hayo na akafurahi kama mtu aliyefanya jambo jema. Lakini zile asubuhi alipomwona mke wa mwokaji akikimbilia kwa jirani, mgongo wazi, kuomba kufungwa, aliangalia pembeni. Hakutaka kujiuliza kwa nini.

Agosti ikafika, akapanda treni. Kwa Delcassan yalipita mavazi sitini na vifungo vyote vilikuwa mbele. Hakuna hata kijaketi kimoja kilichofungwa nyuma. Baada ya maonyesho alizunguka hadi ua wa nyuma, ambako wavalishaji hukaa kwenye benchi kupumzisha miguu. Zélie alikuwa amevua viatu, pini zimejaa kifuani mwa aproni yake, anakula mkate na jibini.

"Mwanakwetu, keti," Zélie alisema. "Mama hajambo? Mto umekauka?"

"Mama yako mzima. Mto una maji." Léontine akaketi. "Zélie, vile vifungo vya mgongoni vimeishia wapi?"

Zélie aliacha kutafuna. "Vipi?"

"Namba ishirini na mbili. Ya Februari."

Zélie akajifunika uso kwa mikono yote miwili, mabega yakatikisika, na Léontine alidhani analia hadi aliposikia kicheko. "Usinikumbushe. Siku ile nililia hadi pua ikavimba, ndiyo maana hukuniona. Nilimvalisha yule binti nyuma mbele. Mwenzangu alikuwa mgonjwa, nilikuwa na wasichana watatu kwa mkupuo mmoja, yule akanyoosha mikono nami nikapachika. Alipopita pazia ndipo nikaona kiwiko."

"Ulikiona kiwiko."

"Nani asingekiona? Mkono umetazama nyuma kama wa mdoli aliyekanyagwa."

Léontine alishika utepe mfukoni mwake. "Mwenye nyumba alisema nini?"

"Nilidhani ananifukuza. Alisema, 'Wenye macho watajua ni kosa. Na asiyejua, hana haja ya kuonyeshwa mavazi.' Akaenda zake." Zélie aliumega mkate, akampa nusu. "Kwani kwa nini unauliza? Kula. Umekuwa mweupe."

Léontine alikula, kwa sababu mkate wa mtu wa kwenu haukataliwi.

Honorine alimpokea stesheni siku iliyofuata saa sita mchana, akachukua mkoba wake, akamtazama usoni. Miaka ishirini ni mingi. Hawakufika hata darajani kabla hajauliza, na Léontine akamwambia habari ya Zélie.

Honorine alihamishia mkoba mkono wa pili. Kisha akasema, "Nani mwingine anajua?"

"Zélie. Na hajui alichonieleza."

"Basi hakuna anayejua. Jumapili uwaambie vifungo vimerudi mbele. Mitindo hupita, si ndiyo kazi yake? Hutakuwa umesema uongo hata neno moja."

"Hata neno moja," Léontine alirudia.

"Mawifi wale wanasemezana, Fundi. Kwa nini uwaambie ni kwa sababu ya upuuzi? Kuna dhambi gani kuacha jambo jema likae lilivyokaa?"

Mtu anayekupenda ndiye anayekuletea kishawishi kizuri zaidi. Adui angemwambia Léontine adanganye, naye angekataa upesi. Rafiki alimwonyesha njia ya kusema kweli tupu ambayo ndani yake hakuna kweli, kama gauni lililosimamishwa kwa pini: kwa mbali linapendeza, lakini usiketi.

Ijumaa asubuhi alikwenda mtaa wa chini kumpelekea Armande sketi. Mlango wa Germaine, uliotazamana, ulikuwa umerudishwa tu. Kabla hajabisha alisikia sauti.

"Usipumue."

"Nisipopumua nitakufa, wifi, na kabati litabaki kwako."

"Kabati ninalo humu humu. Ninachokosa ni wa kulifuta vumbi. Umenenepa."

"Ni supu yako."

"Basi punguza mkate. Kifungo cha tano kinalia."

Léontine aliiacha sketi kwenye kitasa cha mlango wa Armande, akateremka taratibu. Angelikuwa mtu mwepesi, angesema, haya, mambo yameshaamuliwa, nyamaza. Lakini huko ngazini alijua kinyume chake. Akinyamaza kwa ajili ya wale wawili, basi atakuwa amewatumia kujificha nyuma yao, na wao hawajamkopesha migongo yao kwa kazi hiyo. Jambo jema lililotokea halikuwa lake. La kwake lilikuwa fundo.

Jumapili walikuja wote. Honorine alimimina kahawa bila kumtazama. Léontine alisimama dirishani, na mkononi hakuwa na utepe.

"Leo naanza na habari ya Februari," alisema. "Niliwaambia vifungo vinahamia mgongoni. Havikuhamia. Msichana yule alivalishwa jaketi nyuma mbele kwa haraka. Lilikuwa kosa la chumba cha kuvalia, si mtindo, na mmelivaa kosa hilo miezi sita."

Mtu mmoja akacheka, akidhani ni utani, akaacha.

"Sijamaliza. Mngeweza kusema, fundi alidanganyika, ni bahati mbaya. Sikudanganyika. Niliona kiwiko. Niliona mkono umepinda kinyume, na mimi ni mshonaji, naujua mkono. Nilikuwa na mafundo mawili tu na niliona haya kurudi kwenu na mawili. Nikafunga la tatu."

Honorine aliweka birika chini. Hilo la kiwiko hakuambiwa.

Wa kwanza kusema alikuwa mke wa mfamasia, mwanamke mrefu mwenye sauti ndogo. "Mwezi wa Mei nilikuwa Tours kwa askofu," alisema. "Nilivaa hicho kijaketi. Nilimpa askofu mgongo, makusudi, ili mabibi wa Tours waone vifungo." Alisimama, akaweka kikombe kilichojaa mezani, sawasawa katikati ya kisahani. "Walitabasamu. Nilidhani ni wivu." Akachukua mkoba wake akateremka, na watatu wakamfuata.

Waliobaki hawakujua watazame wapi. Mke wa mwokaji aliangalia pai. Mke wa daktari wa mifugo akasema taratibu, "Na mume wangu ndiyo kwanza amejifunza," na hakuna aliyecheka sana.

"Nitavigeuza vyote," Léontine alisema. "Bila malipo. Mwenye hasira avilete pia. Hasira haimzuii mtu kufunga jaketi lake mbele."

Ilimchukua hadi Krismasi. Kugeuza si kazi ya kuhamisha kifungo. Kifua kilichokuwa kizima lazima kipasuliwe, na mgongo uliokuwa wazi uunganishwe, na haidhuru fundi awe stadi kiasi gani, mgongoni hubaki mshono wima ambao jaketi la kawaida halina. Mji mzima ulitembea majira yale ya baridi na mshono huo. Léontine aliuona kila alipoinua kichwa barabarani. Mke wa mfamasia hakuleta chake. Alihamishia ushonaji wake Tours, na hadi leo humsalimu Léontine kwa kidevu.

Honorine alishona vitundu mia mbili na zaidi. Wiki nzima ya kwanza hakuzungumza. Wiki ya pili alisema, "Ningejua habari ya kiwiko, nisingekushauri unyamaze."

"Ungenishauri nini?"

"Ningekushauri ununue miwani, mwongo wewe." Kisha akampa uzi.

Armande alikuja mwishoni, Desemba, na kijaketi mkononi kimefungwa kwenye karatasi. Honorine alimwambia, "Chako kiache, Bi Armande. Wewe una sababu."

"Nigeuzie."

"Na wifi yako?"

"Ndiyo maana." Armande alilaza kijaketi juu ya meza, akakinyoosha kwa viganja. "Kila asubuhi namsikia akifungua mlango. Sijui anafungua kwa ajili yangu au kwa ajili ya vifungo. Fundi ametuambia ukweli wake. Mimi nami nataka wangu."

Léontine alichukua mkasi, akapasua kifua cha kijaketi, akakishona siku ile ile, akijua kwamba endapo mlango wa pili hautafunguka, hilo nalo litakuwa lake.

Februari alikwenda Paris kama kawaida. Alirudi na utepe. Jumapili, kabla ya kengele ya misa, Honorine alikuwa anapanga vikombe.

"Weka sita," Léontine alisema.

"Naweka vyote. Vikibaki nitaviosha, mikono ni yangu."

Misa ikaisha. Saa ya uwanjani ikapiga robo, na ngazi hazikulia. Ikapiga nusu. Pai ilikuwa imepoa. Léontine alisimama dirishani na mgongo kwa mlango, na katika kioo aliona vikombe ishirini na vinne nyuma yake. Alikuwa anafikiri kwamba ndivyo ilivyo haki, kwamba neno lililouzwa kwa fundo moja halinunuliwi tena kwa ungamo moja, aliposikia mguu kwenye ngazi, na mguu mwingine nyuma yake.

"Polepole, wifi, unanikanyaga."

"Tembea basi. Umefungwa mbele, bado huendi?"

Waliingia Armande na Germaine, wameshikana kiwiko, Germaine amebeba sahani iliyofunikwa kitambaa. Nyuma yao mke wa daktari wa mifugo, kisha mke wa mwokaji, kisha wengine wanne, na sista mmoja wa shule aliyesema amekuja kwa ajili ya sare. Wote pamoja walikuwa tisa. Waliketi. Hakuna aliyeinua uso kama zamani, kusubiri. Walikaa kama watu sokoni, mikono juu ya mikoba, tayari kugusa bidhaa kabla ya kuichukua.

Léontine akatoa utepe. Ulikuwa na fundo moja.

"Umeona nini?" akauliza mke wa mwokaji. "Na una hakika gani?"

Hakuna aliyewahi kumwuliza swali la pili.

"Kiuno kinalegea," alisema. "Hilo nimeliona kwenye mavazi kumi na tisa, na mishono ilikuwa ya makusudi. Hakika ninayo. Kuhusu urefu, sijui. Na mikono, kuna jambo kwenye mikono ambalo sijalielewa bado."

"Ehe," Germaine alisema, akifunua sahani ya keki aliyokuja nayo na kumpa wifi yake kipande kikubwa bila kumwuliza. "Tuanzie hapo usipopaelewa, Fundi. Honorine, kahawa ingali moto?"